Kabla ya Kwenda Burigi: Tujihadhari na Mbung'o

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Tangu hapo familia na vikundi vya vijana wa Bukoba na Muleba wanaweza kuwaona twiga na viboko bila kwenda mbali. Safari hiyo ni njema. Ila wasafiri huulizia sana habari za simba, na sisi wauguzi tunamhofia zaidi mbung'o.

Mbung'o ni nzi anayefyonza damu mchana. Akitua, mabawa yake hulaliana kama mkasi uliofungwa. Si kila mbung'o ana vijidudu vya malale, na ugonjwa huo sasa ni nadra, lakini asiyetibiwa hufa. Mbung'o huvutwa na gari linalokwenda, na rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi sare ya kwaya ya buluu ibaki nyumbani! Vaeni nguo za kaki, nzito, zenye mikono mirefu, maana kitambaa chepesi hukitoboa. Fungeni madirisha ya gari. Dawa ya kupaka ya mbu haimzuii sana mbung'o, lakini jioni itawafaa kwa mbu, na wanaolala huko wachukue vyandarua.

Mkisharudi, angalieni afya zenu. Dalili za malale ni uvimbe wenye kidonda mahali alipouma, homa, maumivu ya kichwa na viungo, na tezi kuvimba. Baadaye mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukesha usiku. Malale ya huku kwetu huenda haraka, kwa wiki chache tu. Shida ni kwamba homa ikianza, wote tunasema ni malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale, na dawa ya mseto haiyaponyi. Tena mtu anaweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo mwambieni mganga wazi: "Nilikwenda Burigi." Aombe damu iangaliwe kwa hadubini. Dawa ipo, tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linakubali hata vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina hii.

Msiingie mapangoni wala kushika popo. Virusi vya Marburg, vilivyoua watu Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, hukaa katika popo wala matunda. Ziwani msioge: kuna mamba na viboko.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba, wala asiwekewe lile jiwe jeusi tulilolizoea. Atulizwe, mguu ufungiwe kijiti usitikisike, abebwe hadi hospitali.

Kiongozi wa msafara aandike majina ya wote na tarehe ya kurudi. Mmoja akishikwa na homa, wengine wajulishwe siku hiyo hiyo.