Nyumba ya Wazee Yalindwa na Macho ya Wengi

Methali yetu yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huitumia zaidi mgeni anapokuja na kitoweo mkononi, tukacheka na kumkaribisha. Leo yafaa tuipeleke mahali ambapo maneno yake si mzaha hata kidogo, yaani katika nyumba ya wazee. Humo mwenyeji hana nguvu za kwenda kwa jirani kueleza yaliyompata usiku, na kupona kwake kwaweza kweli kumtegemea mgeni abishaye hodi.

Mkoa wa Mara unayo nyumba ya namna hiyo. Ni Makazi ya Wazee ya Nyabange, katika Wilaya ya Butiama, si mbali na mji wa Musoma. Ni mojawapo ya makazi ya Serikali, kama yalivyo ya Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto mkoani Shinyanga, Fungafunga mjini Morogoro na Nunge huko Dar es Salaam. Hatuandiki ili kuyalaumu makazi haya wala mengine. Twaandika ili familia iliyopo Musoma, Bunda, Butiama au popote nchini ijue ni mambo gani yanayomweka mzee salama, na katika mambo hayo sehemu yake ni ipi.

Ni nani wanaoishi humo?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera hiyo ilisema pia kwamba familia ndiyo mlezi wa kwanza wa wazee, na makazi ni kimbilio la mwisho. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni mbili na nusu Tanzania nzima. Wengi mno wako majumbani mwao, na walio katika makazi ni wachache sana. Lakini wachache hao ndio waliokosa pengine pa kwenda: asiye na mtoto, aliyefiwa na wanawe wote, aliyesahauliwa na ukoo wake. Na katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria wamo pia vikongwe waliokimbia kwa hofu ya kuitwa wachawi, eti kwa kuwa wana macho mekundu, ilhali wekundu ule mara nyingi ni wa moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe uliowapata jikoni kwa miaka mingi.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mzee mwenye wana sita huulizwa hali na watu sita. Mzee wa makazi aweza kukaa mwaka mzima asiulizwe na mtu asiyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mlango wa kwanza wa hatari ndio huo.

Hatari zisizopiga kelele

Tufikiripo usalama, hufikiri mwizi na moto. Ni kweli, moto ni hatari: nyumba yenye watu wasioweza kukimbia yahitaji milango inayofunguka upesi usiku, na mtu aliye macho ajuaye funguo ziko wapi. Lakini mambo yanayowaumiza wazee mara nyingi huja kimya kimya.

La kwanza ni kuanguka. Sakafu yenye maji, choo cha mbali gizani, kandambili iliyolegea, yatosha kumvunja mzee nyonga. Kijana hupona na kuondoka. Mzee aliyevunjika nyonga huenda asisimame tena. Kinga yake si ghali: taa njiani, sakafu kavu, choo cha kukaa chenye mti au bomba la kushikilia ukutani, na mkongojo usiopita kimo chake.

La pili ni vidonda vya kulalia. Mzee asiyeweza kujigeuza, mwili wake ukigandamizwa mahali pamoja, damu haipiti vizuri. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi, kisha hupasuka. Huonekana kwanza penye mfupa: visiginoni, nyongani, na chini ya mgongo. Kidonda hicho chaweza kufika mfupani na kuua. Dawa yake ya kwanza ni mikono ya mtu: kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kumwondolea mara moja nguo iliyolowa mkojo.

La tatu ni kiu. Uzee hupunguza hamu ya kunywa maji, hata mwili ukiwa umekauka. Mzee akachanganyikiwa, nasi husema ni uzee tu, kumbe ni maji. Wengine huacha kunywa kwa makusudi, kwa kuona haya ya kuomba kupelekwa chooni mara kwa mara.

La nne ni dawa. Mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari na mwenye malaria wakilala chumba kimoja, na dawa zikagawiwa kwa kumbukumbu ya kichwa, siku moja vidonge vya huyu vitamezwa na yule. Yatakiwa daftari lenye jina, dawa, saa, na alama ya aliyetoa.

Mikono iliyochoka

Lipo jambo la tano, nalo ni chungu kulisema. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba, katika uchunguzi uliofanywa kwenye nyumba za kulelea wazee za nchi mbalimbali, watumishi wawili katika kila watatu walikiri wenyewe kuwa walimtendea mzee vibaya katika mwaka uliopita. Hao hawakuwa wahalifu waliojificha. Walikuwa watu wa kawaida kama sisi. Wengine walipiga makelele, wengine walimfunga mzee kitandani ili wapate kufanya kazi nyingine, wengine walimwacha amelowa mpaka asubuhi.

Mtu mwema hufikaje hapo? Mpe mtumishi mmoja wazee wengi wasioweza kujigeuza, mnyime msaidizi wa usiku, mnyime glovu na sabuni, kisha asitokee mtu wa kumwuliza wala kumshukuru. Uchovu utaanza kumfundisha njia za mkato. Basi anayetaka wazee walelewe vema hana budi kuwatazama walezi pia: idadi yao yatosha? Wamefundishwa? Wanapata kupumzika?

Kazi ya mgeni

Hapa ndipo methali yetu inapopata maana yake. Pasipo mgeni, mema hayapati shukrani na mabaya hayapati shahidi. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan nchini Ufaransa, Jeanne Jugan alimchukua mwanamke mzee kipofu na kumlaza katika kitanda chake mwenyewe. Ndivyo lilivyoanza Shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo hata Nairobi lina nyumba iitwayo Nyumba ya Wazee. Masista hao tangu mwanzo waliomba chakula kwa majirani, na jirani aliyetoa mkate aliijua nyumba na waliomo.

Sisi huenda kwa wazee siku za sikukuu. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani. Jumapili ya nne ya Julai, tangu mwaka 2021, Kanisa huadhimisha siku ya mababu, mabibi na wazee. Siku hizo twaja wengi, na sukari, na nyimbo, na kamera. Je, katikati ya Februari nani huja? Afadhali watu wawili kila mwezi kuliko mia kwa siku moja.

Wala tusiende kama vipofu. Ukiisha kupata ruhusa ya mkuu wa makazi, keti na mzee mmoja, umwamkie kwa heshima na kumwita kwa jina lake. Tazama: maji yapo mahali mkono wake unapofika? Midomo imekauka? Kucha zimekatwa? Anakaa kimya ghafla mtumishi fulani akiingia? Uliza usiku hulala nani zamu. Ulizia pia zawadi kabla ya kuileta, kwa maana sukari uliyomletea mwenye kisukari si zawadi. Ukiwa na mafua au kikohozi, ubaki kwako. Mwaka 2020 dunia nzima iliona jinsi ugonjwa wa UVIKO-19 ulivyoua wakazi wengi wa nyumba za wazee huko Ulaya.

Ukiona kasoro, mweleze kwanza mkuu wa makazi kwa upole. Isiporekebishwa, mwendee afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ukiona kipigo au wizi, hilo ni neno la Polisi, wala kunyamaza si adabu. Na ukiona mtumishi anayemlisha mzee taratibu, kijiko baada ya kijiko, mshukuru mbele ya wenzake.

Mwisho, tusidhani habari hii ni ya Nyabange peke yake. Yule bibi aliyelala chumba cha nyuma kijijini kwetu, huko Bunda au Butiama, naye ana visigino, ana kiu, ana dawa zake. Mlezi wake, mara nyingi binti mmoja au mkwe mmoja, naye amechoka. Kwake pia mgeni ni dawa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu ni mzee yupi ambaye hakuulizwa hali wiki hii?
2. Nani anamlea, na nani atampokea zamu usiku mmoja ili alale?
3. Makazi ya wazee yaliyo karibu nasi ni yapi, na ni watu gani wawili watakaokwenda huko mwezi huu, na wawili gani mwezi ujao?