Naomba kila usiku, mbona sina amani?

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana, na sasa mnyauko umemaliza migomba. Naomba kila usiku lakini usingizi hauji. Je, imani yangu ni ndogo?
Mama wa Ntobeye, Ngara

JIBU: Pole sana, mama. Hapana, imani yako si ndogo. Fungua Zaburi ya 88: mwombaji analia mwanzo hadi mwisho, na zaburi inaishia gizani. Hata hivyo imo katika Biblia, ni sala kamili. Anayemlilia Mungu bado anamwamini.

Wilaya yako inalijua hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua kambini Benaco. Waliosali chini ya maturubai hawakungoja machozi yakauke kwanza.

Soma pia 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, anaomba afe. Mungu hamkemei, anampelekea mkate na maji, kisha anamwacha alale tena. Maneno yanakuja baadaye sana. Kwa hiyo kula, hata kama ni uji tu, na ufupishe sala ya usiku.

Wanajumuiya wakija kusali kwako, waombe waje na majembe. Kung'oa mashina yaliyougua ni kazi nzito kwa mtu mmoja, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mzima. Usingizi ukiendelea kukukimbia, nenda Hospitali ya Murgwanza ukamweleze daktari yote, pamoja na msiba.