Kupanga Chakula cha Watu Wengi: Somo Moja, Masomo Manne

Karibu kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua methali isemayo, "Haba na haba hujaza kibaba." Lakini mwalimu akiuliza kibaba ni kitu gani, aghalabu darasa zima hunyamaza. Methali imebaki, kipimo kimesahaulika. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kibaba kile kile kinavyoweza kurudishwa darasani na kumwezesha mwalimu kufundisha Historia, Hisabati, Sayansi na Kiswahili kwa kazi moja, yaani kupanga na kupika chakula cha watu wengi. Mfano wetu tumeuchukua Tabora, mahali ambapo kulisha watu wengi ni kazi ya tangu zamani.

Kosa lililotufunza

Inafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika mazoezi ya kufundisha, tulipewa kazi ya kusimamia chakula cha siku ya wazazi katika shule moja. Tulihesabu masufuria, hatukuhesabu watu. Sufuria zilipojaa tuliona chakula ni kingi mno. Wageni wakapakuliwa kwanza, kisha walimu, kisha wanafunzi wakubwa. Ilipofika zamu ya Darasa la Kwanza, upawa ulikuwa unakwangua ukoko. Mtoto mmoja wa kike alisubiri kidogo, akaenda bombani, akaosha sahani ambayo haikuwa imechafuka, akairudisha mahali pake. Hakulia wala hakulalamika. Sisi tuliokuwa na daftari za maandalio ya masomo mikononi ndio tulioona haya.

Tangu siku hiyo tumeshikilia kwamba mpango wa chakula ni somo la hesabu na pia ni somo la haki. Asiyehesabu vizuri humnyima chakula mtu fulani, na huyo anayenyimwa huwa ni mdogo kuliko wote.

Hatua ya kwanza: Historia ya njia

Mwalimu aanze na njia ya misafara. Katika karne ya 19 njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Hapo iligawanyika: mkono mmoja ulikwenda Ujiji penye Ziwa Tanganyika, mwingine ulipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa safari na kwa kubeba mizigo. Posho ya mpagazi kwa desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba ni robo ya pishi, nacho hupimwa kwa ujazo. Kwa nafaka ni kiasi cha gramu 700.

Sasa wanafunzi wapewe swali: Msafara una watu 300. Kila mtu anakula kibaba kimoja kwa siku. Je, zinahitajika pishi ngapi kwa siku? Jibu ni 75. Je, ni kilo ngapi? Jibu ni kilo 210. Kama mpagazi hubeba kilo 30, chakula cha siku moja kinahitaji wapagazi saba; chakula cha siku kumi kinahitaji wapagazi sabini, na hao nao wanakula. Hapo mwanafunzi ataona mwenyewe kwa nini msafara haukuweza kubeba chakula chake chote, bali ulilazimika kununua njiani kwa wakulima. Ataona pia kwa nini mvua ilipokosekana, kijiji na msafara vyote viliingia mashakani.

Mfano mwingine ulio karibu ni Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Hapo David Livingstone, baada ya kufika pamoja na Henry Stanley mwezi Februari 1872, alikaa mpaka Agosti akingojea wapagazi na vifaa kutoka pwani. Safari ilisimama kwa miezi kadhaa kwa sababu watu na mahitaji yao havikuwa tayari.

Mwalimu asiifanye historia hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa waliofungwa, ambao posho yao ilitegemea huruma ya mwenye kuwauza. Swali la nani anakula na nani anakosa lilikuwapo njiani humo kila siku.

Kuna jambo moja la utaratibu la kuiga. Wapagazi hawakupikiwa wote katika chungu kimoja. Walijigawa katika makundi madogo, kila kundi na chungu chake na moto wake. Nasi tutafanya hivyo.

Hatua ya pili: Chakula chetu kimetoka wapi?

Mwalimu aweke mezani mahindi, maharage, nyanya, pilipili, parachichi, papai na karanga, kisha aulize: "Kipi kati ya hivi ni cha asili ya Afrika?" Wanafunzi wengi watasema vyote. Ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Maharage yalilimwa tangu zamani huko Meksiko na katika milima ya Andes. Pilipili na parachichi ni za nchi hizo hizo, na papai asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Nyanya mwitu ilitoka Amerika ya Kusini, lakini Wameksiko ndio walioilima ikawa zao. Karanga nazo zilitoka Amerika ya Kusini. Mazao haya yalianza kuvuka bahari baada ya mwaka 1492, yakafika pwani yetu, kisha yakapenya bara polepole. Hapo kale nafaka za Unyamwezi zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Mwembe nao, ambao wasafiri wa pwani waliupanda kwenye njia ya misafara, asili yake ni Asia.

Basi mwanafunzi wa Tabora alaye makande anakula ndugu wa chakula cha Meksiko. Huko wana mchuzi mzito wa mahindi yaliyoondolewa maganda, uitwao pozole. Sisi huondoa maganda kwa kutwanga. Wao huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa. Chokaa hiyo huifungua vitamini iitwayo niasini iliyojificha ndani ya punje. Watu waliotegemea mahindi matupu, bila ya njia hiyo wala kitoweo cha kutosha, walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Kwa upande wa protini, mahindi yana upungufu ambao maharage huujaza. Kwa hiyo bibi aliyechanganya mahindi na maharage katika chungu kimoja, awe wa Meksiko au wa Urambo, alifanya jambo ambalo sayansi imelithibitisha baadaye.

Tunapendekeza chakula hiki, kwa kuwa ni rahisi na hakihitaji vyombo vya pekee: makande, kachumbari ya nyanya, vitunguu na parachichi, na pilipili katika bakuli la peke yake, kisha vitamutamu viwili, yaani papai lenye asali ya misitu ya miombo ya Tabora, na kashata za karanga.

Hatua ya tatu: Hesabu

Kanuni ni hii: anza na mtu mmoja, kisha zidisha. Usianze na sufuria.

Tuseme shule ina wanafunzi 120, wazazi 30 na walimu 10. Jumla ni watu 160. Ongeza moja ya kumi kwa ajili ya wageni wasiotazamiwa, yaani 16. Jumla ni 176. Tukadirie watu 180.

Mahindi yaliyokobolewa: gramu 100 kwa mtu, jumla kilo 18.
Maharage: gramu 60 kwa mtu, jumla kilo 10.8.
Nyanya: gramu 50 kwa mtu, jumla kilo 9.
Vitunguu: gramu 20 kwa mtu, jumla kilo 3.6.
Mafuta: mililita 10 kwa mtu, jumla lita 1.8.
Chumvi: gramu 2 kwa mtu, jumla gramu 360.
Parachichi: moja kwa watu sita, jumla 30.
Papai kubwa: moja kwa watu kumi, jumla 18.
Asali: mililita 5 kwa mtu, jumla mililita 900.
Karanga za kashata: gramu 20 kwa mtu, jumla kilo 3.6.
Sukari ya kashata: gramu 10 kwa mtu; jumla kilo 1.8.

Wanafunzi 120 wagawanywe katika makundi sita ya watu ishirini. Kila kundi lipewe sufuria moja ya lita 30, kilo 3 za mahindi na kilo 1.8 za maharage. Nafaka kavu ikiiva huongezeka uzito zaidi ya mara mbili, hivyo kila sufuria italisha watu 30. Wanafunzi wenyewe waende sokoni na mwalimu, waulize bei na kufanya jumla ya gharama. Bei zikizidi fedha zilizopo, wapunguze kitu kwa mtu mmoja, kisha wazidishe upya. Wasipunguze watu.

Maji yasisahaulike. Kwa kulowesha tumia lita 60, kupikia 90, kunywa 90, kunawa mikono 180, na kuosha vyombo 80. Jumla ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Mahali ambapo maji huchotwa mbali, hesabu hii ndiyo inayoamua kama shughuli itafanyika.

Hatua ya nne: Usalama

Karanga na mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi yatupwe. Asipewe mtu wala kuku. Sumukuvu haionekani yote kwa macho wala haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nunua nafaka iliyokaushwa na kuhifadhiwa vizuri, kisha wanafunzi waichambue juu ya ungo.

Maharage yaloweshwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali. Moto wa kufifia hautoshi. Kashata zipikwe na watu wazima siku moja kabla, kwani sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Waulizwe mapema wale ambao karanga huwadhuru. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali.

Hatua ya tano: Saa na kupakua

Saa ipangwe kwa kurudi nyuma. Chakula kiliwe saa saba mchana. Kachumbari ikatwe saa sita, isikatwe asubuhi ikachacha. Maharage yaingie sufuriani saa nne, baada ya mahindi kuchemka saa nzima. Basi mahindi yawe yanachemka saa tatu, na moto uwashwe saa mbili. Kulowesha kufanywe jioni ya siku iliyotangulia. Ratiba hii iandikwe ubaoni na mwanafunzi, na kila kundi liwe na mtunza saa.

Wakati wa kupakua zifanywe safu sita, moja kwa kila sufuria, ili asiwepo mtu wa mwisho wa shule nzima. Wadogo wasimame mbele. Wazee na wageni wakae, wapelekewe chakula na wanafunzi wakubwa, kama adabu yetu itakavyo. Kipimo kiwe kopo moja la ujazo unaojulikana, lisilozidi gramu 400 za chakula. Nyongeza isitolewe mpaka kila mtu awe amepata mara ya kwanza. Mwalimu ale baada ya kuhakikisha hivyo.

Tathmini

Siku ya pili wanafunzi waandike insha fupi kwa Kiswahili sanifu wakijibu maswali haya: Tulikadiria watu wangapi, wakaja wangapi? Kilibaki chakula kiasi gani, na kwa nini? Nani alipakuliwa mwisho, na alipata kiasi kile kile? Kama tungekuwa viongozi wa msafara wa watu 300, tungefika Ujiji?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea kwamba kazi na masomo visitenganishwe. Wengi wetu tulilielewa jambo hilo kuwa ni jembe na shamba tu. Sufuria nayo ni darasa, iwapo mwalimu ameifanyia andalio la somo. Nanyi walimu wanafunzi, mtakapopangiwa shule, mtatakiwa upesi kusimamia chakula cha mahafali au cha siku ya wazazi. Msiione kazi hiyo kuwa usumbufu unaowatoa darasani. Chukueni daftari, andikeni jina la mtoto mdogo kuliko wote, kadirieni chakula chake, kisha zidisheni.