Mfereji wa Bustani ya Nyumbani

Mtu akitoka Bukavu kwa njia ya Uvira, huacha nyuma yake milima yenye ukungu na baridi. Akifika Kamanyola, hewa imebadilika. Jua ni kali, nchi ni tambarare, na milima imesimama upande wa magharibi kama ukuta. Hilo ndilo bonde la Ruzizi. Mto Ruzizi hutoka katika ziwa Kivu, lililo karibu meta 1,460 juu ya bahari, ukaingia katika ziwa Tanganyika, lililo karibu meta 770 tu. Luberizi imo katika bonde hilo, kati ya Luvungi na Sange.

Mvua nyingi huanguka milimani. Bondeni hufika kidogo. Mwezi wa Juni, wa Julai na wa Agosti udongo hupasuka, na upepo huinua vumbi. Lakini iko mito inayoshuka kutoka milimani hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana watu wa bonde huchimba mifereji, wapate kulima mpunga, mahindi na mboga.

Tuseme nyumba moja ina bustani ya nyanya, vitunguu na lengalenga. Urefu wake ni meta 20, upana wake meta 10. Basi ukubwa wake ni meta mraba 200. Wakati wa jua kali kila meta mraba huhitaji karibu lita 5 kwa siku. Piga hesabu: 200 mara 5 ni lita 1,000. Ndoo moja huchukua lita 20. Ni ndoo 50 kila siku! Na ndoo hizo nani atazichukua? Kwa kawaida ni watoto, tena mara nyingi ni wasichana. Mtoto aliyebeba ndoo tangu alfajiri hufika shuleni amechelewa, au hafiki kabisa.

Katika miji wako watu wapandao majani mafupi mbele ya nyumba, wakayanywesha kwa mabomba na mipira. Hesabu yao ni ileile, ila majani yale hayaingii chunguni.

Basi mwenye nyumba anataka kuleta maji kwa mfereji mdogo, kutoka mfereji mkubwa wa kijiji. Asianze na jembe. Aanze kwa kwenda kwa wazee wanaosimamia mfereji mkubwa, awaulize: Je, iko nafasi? Zamu yangu itakuwa siku gani? Mtu anayetoboa ukingo usiku bila kuuliza ameiba, ijapokuwa maji hayana kufuli. Wa chini yake wataamka asubuhi, waone mpunga wao umesimama katika matope makavu.

Akipata ruhusa, apime maji. Aweke gogo la mgomba lililochimbwa katikati, maji yapite juu yake na kuanguka katika ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, maji ni lita 2 kwa kila sekunde. Zamu yake ikiwa mara moja kila siku 4, mimea itahitaji lita 4,000. Lakini katika mfereji wa udongo maji mengi hupotea njiani, pengine nusu yake. Kwa hiyo aombe lita 8,000. Kwa maji ya lita 2 kwa sekunde, hizo ni sekunde 4,000, ndiyo saa moja na dakika 7 hivi. Sasa anaweza kusema na wazee kwa hesabu, si kwa makelele.

Halafu njia ya maji. Hapa ndipo wengi hukosea, maana jicho hudanganya. Mahali panapoonekana tambarare pengine panapanda. Tena mteremko ukiwa mkali, maji hukimbia na kula udongo, na baada ya mvua kubwa chache mfereji umekuwa korongo. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji husimama na matope hujaza mfereji. Kwa mfereji mdogo wa udongo, kushuka sentimeta 30 hadi 50 katika meta 100 kwatosha.

Sentimeta hizo hupimwaje? Chombo chake ni miti mitatu. Funga miti miwili mirefu kwa juu, miguu yake iachane meta 2 kamili. Mti wa tatu ufunge katikati kwa kukingama, mfano wa herufi A. Pale juu fungia kamba yenye jiwe, kamba ipite mbele ya mti uliokingama. Simamisha chombo juu ya vigingi viwili, kamba ikitulia utie alama pale inapogusa mti. Kisha geuza chombo, mguu wa kulia uende mahali pa mguu wa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa fungia kipande cha ubao chenye unene wa sentimeta 1 chini ya mguu wa mbele, yaani ule unaoelekea maji yaendako. Kamba ikisimama penye alama ya usawa, nchi imeshuka sentimeta 1 katika meta 2, ndiyo sentimeta 50 katika meta 100. Piga kigingi, endelea mbele, piga kingine. Mstari wa vigingi utapinda huku na huku. Usiunyoshe! Maji hufuata mlima, hayafuati kamba ya mwashi.

Kuchimba ni kazi ya nguvu tu. Kingo zilale kidogo, zisisimame wima. Mahali ng'ombe wanapopita, panga mawe, la sivyo kwato zao zitabomoa ukingo kwa siku moja. Mdomo wa mfereji uwe na ubao wa kufungia, na wakati wa mvua ufungwe. Mito ya huku ikikasirika haina mchezo: Aprili 2020 ilifurika Uvira na kubomoa nyumba nyingi.

Katika bustani, maji yapite katika vitaro kati ya matuta. Udongo wa mchanga hunywa upesi, basi vitaro viwe vifupi. Udongo wa mfinyanzi waweza kuwa na vitaro virefu. Kunywesha jioni au asubuhi mapema ni bora kuliko mchana. Asubuhi yake, chimba kidogo kwa mkono, ufinyange udongo wa chini. Ukishikamana, maji yametosha, usiongeze. Maji yanayozidi yapate mfereji wa kutokea. Yakisimama, mbu huzaa humo, na konokono waletao kichocho hukaa humo. Tena maji ya mfereji si ya kunywa, hata yakionekana safi, maana kipindupindu husafiri ndani yake.

Watu wa Luberizi si wa kwanza kupanga zamu za maji. Wachaga wa Kilimanjaro tangu zamani huleta maji mashambani kwa mifereji waiitayo mifongo, na ukoo unaotumia mfongo ndio unaousafisha. Huko Omani mfereji huitwa falaji. Zamani zamu zake zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa nyota, kila mtu na saa yake. Mitano kati ya falaji hizo iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Katika bonde la Ruzizi leo, saa ya mkononi au simu yafanya kazi ya nyota.

Maulizo

1. Kwa nini mfereji ulionyoshwa kama kamba huharibika upesi?
2. Bustani ina meta 15 kwa meta 8. Yahitaji lita ngapi kwa siku wakati wa jua kali? Ni ndoo ngapi?
3. Tengenezeni chombo cha miti mitatu, mpime uwanja wa shule. Maji ya mvua yataelekea upande gani?
4. Nyumbani kwenu nani huchota maji, na humchukua saa ngapi kila siku?