Kuchaji Chombo cha Umeme: Saa Unayochagua Humgusa Jirani

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora, njia ziligawanyika: moja ikienda Ujiji, nyingine ikielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mamia ya wapagazi walipofika kituoni jioni moja, kisima kilikuwa kilekile. Tatizo halikuwa uhaba wa maji ardhini, bali wote kuyahitaji kwa saa moja.

Leo bodaboda, bajaji na magari yanayotumia umeme yanaanza kuzoeleka nchini, na somo la kisima linarudi kwa sura nyingine. Katika somo hili tunaeleza namna kuchaji vyombo hivyo kunavyougusa mfumo wa umeme, na namna ya kuepuka gharama na usumbufu.

Gridi kubwa, transfoma ndogo

Wananchi wengi hutuuliza: ikiwa Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, kwa nini tuwe na hofu ya kuchaji pikipiki? Jibu ni kwamba umeme hauruki kutoka bwawani hadi sebuleni. Hupita katika njia kuu, vituo vya kupozea umeme, kisha transfoma ya mtaa. Uzalishaji ukiongezeka, transfoma ya mtaani kwako haikui.

Tuchukue mfano wa mtaa wa Isevya unaohudumiwa na transfoma ya kVA 50, yaani takriban kilowati 45. Tuseme kwamba saa 2 usiku, taa, runinga, pasi na majokofu hutumia kilowati 35. Pikipiki 10 zikichajiwa kwa pamoja, kila moja kwa kilowati 0.8, matumizi hufika 43. Gari moja likiongezwa kwa kilowati 7, tunafika 50. Transfoma imezidiwa: hupata joto kupita kiasi, fyuzi huweza kukatika, na nyumba za mwisho wa laini hupata umeme hafifu unaoweza kuharibu majokofu yao.

Vyombo hivyohivyo vikichajiwa saa 6 usiku, wakati nyumba zinatumia kilowati 12 tu, jumla ni 27. Idadi ya vyombo ni ileile. Kilichobadilika ni saa.

Gharama katika mita yako ya LUKU

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi la D1 hulipa Sh 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa T1 hulipa Sh 292 kwa uniti. Bei hizi ni kabla ya kodi na tozo.

Familia ya D1 inayotumia uniti 50 hulipa Sh 5,000. Kijana wa nyumba hiyo akichaji bodaboda kwa uniti 3 kwa siku, siku 26, anaongeza uniti 78. Jumla ni uniti 128: 75 za kwanza ni Sh 7,500, na 53 zilizozidi ni Sh 18,550. Familia italipa Sh 26,050. Aidha, mteja anayezidi kiwango mara kwa mara huweza kuhamishiwa T1, ambako uniti hizo 128 ni Sh 37,376. Gharama hiyo yaweza kuwa nafuu kuliko petroli, lakini ni vema mwenye nyumba na mwenye pikipiki wakubaliane mapema nani atalipa nini.

Tunashauri

1. Epuka kuchaji kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Chaji usiku wa manane, au mchana wakati wa mapumziko.
2. Mwite fundi mwenye leseni akague nyaya, soketi na waya wa ardhini kabla ya kuchaji kwa mara ya kwanza. Usitumie ekstensheni nyembamba, hupata moto.
3. Unaponunua gari, au unapofungua kituo cha kuchaji au kubadilishia betri, wasilisha maombi TANESCO kwanza. Huenda ukahitaji umeme wa njia tatu au transfoma kubwa zaidi. Jambo hili ni muhimu zaidi katika maeneo ya mbali na mji, ambako laini ni ndefu na umeme hupungua nguvu njiani.
4. Umeme ukiwa hafifu kila jioni, andika tarehe na saa, kisha toa taarifa kwa mtoa huduma na utunze namba ya taarifa. Usiporidhika na majibu, lete malalamiko kwetu.

Jipime

Je, nyumba yako iko kundi gani la bei? Ni uniti ngapi ulizonunua mwezi uliopita? Majirani wangapi wanaotumia transfoma yako wana vyombo vya umeme, na huchaji saa ngapi?

Mtaa unaojua majibu haya unaweza kupanga zamu. Kisima kimoja kinawatosha wengi, mradi wasifike wote kwa pamoja.