Kuhesabu Macho ya Kijiji

Mtu akiulizwa, "Watu wa kwenu hawajambo?" hujibu upesi, "Hawajambo." Jibu hilo ni la adabu, nalo lafaa kwa salamu, lakini kwa kazi ya afya halifai. Mwezi huu na tujifunze jinsi afya ya kijiji kizima ipimwavyo. Mfano wetu utakuwa ugonjwa unaojulikana sana katika Ugogo, yaani vikope, ambao waganga wauita trakoma.

Ugonjwa huu huanza utotoni. Vijidudu vyake hupita kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa inzi wafuatao makamasi na matongo. Ndani ya ukope wa juu hutokea vipele. Mtoto akiambukizwa tena na tena, mwaka kwa mwaka, ukope hupata makovu. Makovu hujikunja, hata akiwa mtu mzima nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Ndipo upofu huja. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, maana ndio washindao na watoto.

Angalieni basi shida ya kuupima. Mtoto mwenye vipele mara nyingi haoni maumivu makubwa, wala mama yake hampeleki zahanati. Bibi ambaye kope zake zimegeuka huzing'oa kwa kibano, kimya kimya, akidhani ni uzee. Kwa hiyo daftari la zahanati latuonyesha waliokuja tu, na waliobaki nyumbani halituambii habari zao. Ndiyo sababu wapimaji hupita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa alama 5 za kuujua ugonjwa huu kwa macho, ili kila mpimaji ahesabu sawasawa na mwenzake. Vipele vikiwa 5 au zaidi katika ukope wa juu, mtoto huhesabiwa kuwa mgonjwa. Kisha huulizwa: katika watoto 100 wa umri wa mwaka 1 mpaka 9, wagonjwa ni wangapi? Wakiwa 10 au zaidi, dawa hugawiwa watu wote wa wilaya, hata wasioonekana wagonjwa, mwaka kwa mwaka. Wakipungua chini ya 5, ugawaji hukoma.

Mwaona jinsi watoto wachache wawezavyo kuleta dawa au kuizuia. Mzazi amfichaye mtoto siku ya kupimwa, kwa hofu kwamba kuhesabu watu ni kuita kifo, huwapotezea majirani haki yao. Wengine hunitajia habari za Daudi. Lakini Daudi alihesabu askari. Sisi twahesabu wenye kuumwa.

Huko Kongwa, mashariki yetu, jambo la kuosha uso lilichunguzwa vizuri, na habari zake zilitangazwa mwaka 1995. Vijiji 6 vilipewa dawa ya kupaka machoni. Kati ya hivyo, 3 viliongezewa mafundisho ya kuosha nyuso za watoto. Watoto 1,417 wa umri wa mwaka 1 mpaka 7 walifuatwa muda wa mwaka mmoja. Vikope vikali vilikuwa vichache zaidi katika vijiji vilivyofundishwa, na mtoto aliyekutwa na uso safi mara mbili au zaidi alikuwa katika hatari ndogo kuliko wenzake.

Husemwa kwamba Ugogo hakuna maji. Ni kweli kiangazi chetu ni kirefu, na mama atembeaye mbali na ndoo kichwani hana maji ya kuchezea. Lakini uso wa mtoto hautaki ndoo. Pimeni lita 1, mmimine kidogo kidogo katika kiganja, mhesabu ni nyuso ngapi zitakazooshwa kabla haijakwisha. Tena msimlaumu mama peke yake. Inzi hawa huzaa hasa katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi, na kuchimba choo ni kazi ya baba.

Mimi mwenyewe nalikosea katika kuhesabu. Nalisimama mlangoni siku ya Jumapili nikatazama nyuso za watoto wakiingia, nikaandika, nikafurahi. Karibu wote walikuwa safi. Bibi mmoja akacheka, akasema, "Mchungaji, umehesabu Jumapili. Njoo Jumatano, watoto watokapo machungani." Nikaenda. Hesabu ile ya kwanza nikaichana.

Basi mtakaojaribu, enendeni siku ya kazi, bila kutangaza. Andikeni safu tatu: nyumba, watoto wasiotimiza miaka 10, na wangapi kati yao wana uso safi, yaani usio na makamasi, wala matongo, wala inzi. Rudini baada ya miezi miwili, nyumba zile zile, saa ile ile. Mbele ya watu someni jumla tu, wala jina la mwenye nyumba lisitajwe, maana aliyeaibishwa leo hatafungua mlango kesho. Na mkimkuta mtu ang'oaye nywele za kope, msimwandike tu na kupita. Mpelekeni hospitali siku zile zile. Kope zilizogeuka hurudishwa kwa upasuaji mdogo, wala hapana haja ya kungoja hesabu imalizike.