Nadharia ya Ulimwengu Mdogo: Hisabati ya Mahusiano ya Watu

Utangulizi
Wahenga walisema kuwa milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Swali linaloibuka ni je, watu wawili wasiojuana hutenganishwa na watu wangapi? Makala haya yanaeleza jinsi sayansi ya jamii, fizikia na hisabati zilivyolijibu swali hili, na kudai kwamba kuwepo kwa njia fupi hakumaanishi kuwa njia hiyo itapatikana.

Jaribio la Nyaraka
Mwanasaikolojia Stanley Milgram aliandika kuhusu suala hili mwaka wa 1967 nchini Marekani. Katika matokeo aliyochapisha na Jeffrey Travers mwaka wa 1969, watu 296, wengi wao wakiwa wakazi wa Nebraska, walitakiwa kumfikishia waraka mtu mmoja aliyefanya kazi Boston. Kila mmoja aliruhusiwa kuupitisha kwa mtu anayemjua binafsi tu. Nyaraka 64 zilifika, kila moja ikipitia wastani wa wapokezi 5.2.

Modeli ya Watts na Strogatz
Mwaka wa 1998, Duncan Watts na Steven Strogatz walibuni modeli ya kihisabati. Katika modeli hiyo, watu huwa kama nukta zilizopangwa katika duara, kila nukta ikiunganishwa na jirani zake pekee. Viungo vichache vikihamishwa kibahati nasibu na kufika mbali, wastani wa masafa baina ya nukta hushuka ghafla, ilhali ujirani haubadiliki sana. Sifa hizo walizipata pia katika mtandao wa waigizaji wa filamu, gridi ya umeme ya magharibi mwa Marekani, na neva za mnyoo mdogo. Aidha, walionyesha kuwa viungo hivyo vichache huharakisha uenezi wa maradhi.

Tatizo la Kuipata Njia
Mwaka wa 2000, Jon Kleinberg alithibitisha kuwa njia fupi huweza kuwepo, na bado anayewajua jirani zake tu asiweze kuigundua. Hupatikana kwa urahisi pale tu viungo vya mbali vinapopungua kwa uwiano maalumu kadiri masafa yanavyoongezeka.

Hitimisho
Kwa hivyo, nyaraka 232 ambazo hazikufika si ushahidi kwamba njia haikuwepo. Husemwa kuwa dunia imekuwa kijiji. Hata hivyo, kijijini mgeni akiuliza njia huelekezwa. Masafa mafupi pekee hayatoshi.